Akina Deo Tisa wa Kamembe

Saa nne na dakika saba asubuhi, siku ya Alhamisi, Deo wa Nne aliingia katika kibanda changu cha foni pale Kamembe. Alikuwa amevaa suti ya kijivu. Aliweka kofia yake juu ya betri, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha, akasema:

"Maman Foni, nimekuya kukamata mahari yangu."

Kwanza niliiondoa kofia, kwa sababu kitu chochote juu ya betri ni kosa. Kisha nikafungua daftari. Pesa ya Deo wa Nne haikuwemo. Ilikuwemo pesa ya Deo wa Tano: dola mia nne na hamsini kutoka Kindu, ndani kabisa ya Kongo, zimeingia Jumatano saa mbili asubuhi, zimechukuliwa Jumatano hiyo hiyo saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saini: Deo. Akina Deo wote walitia saini hivyo hivyo.

"Kaka yako alisema atatuma ngapi?" nikamuuliza.

"Mia ine na makumi tano."

Nilitaka kukaa chini, nikakuta nimeshakaa.

Vijana, ninyi mnaotuma pesa kwa kubonyeza simu huku mnatafuna karanga, niwaeleze foni ilikuwa kitu gani. Ilikuwa redio ya kusemea: sanduku la chuma, betri mbili za gari, bamba la jua juu ya bati, na waya mrefu uliotandazwa kati ya mianzi miwili. Ukibonyeza kitufe unasema, ukiachia unasikiliza. Miaka ile ya vita ya Kongo barabara ya kwenda ndani ilikuwa imekufa, barua zilipotea, na ndege ndogo zilibeba wafanyabiashara na magunia yao. Watu wengi wa Kamembe walizaliwa ng'ambo na kurudi Rwanda baada ya mwaka 1994, kwa hiyo kaka zao, shangazi zao na wadeni wao walibaki kule. Sauti zao zote zilipita kwangu.

Pesa pia zilipita, kwa njia hii. Mtu wa Kindu alimkabidhi Papa Shabani, mwendesha foni wa kule. Papa Shabani alinisomea jina na kiasi. Mimi nikalipa kutoka katika sanduku la bosi wetu, Mama Konsolata, ambaye alinunua mawese Kindu kwa pesa zile na kuyauza huku. Pesa yenyewe haikusafiri. Kilichosafiri ni jina.

Mimi Mwajuma, binti wa fundi cherehani, niliacha shule darasa la sita. Kazi nilifundishwa na Papa Shabani, kwa sauti tu. Uso wake sikuuona kwa miaka mitano. Alinifundisha kushika kipaza sauti mbali na mdomo kwa upana wa kiganja, kwa sababu anayepiga kelele hasikiki. Alinifundisha kusema asubuhi, kabla hewa haijachafuka. Betri hunyweshwa maji ya betri. Nilipozinywesha maji ya ziwa zilikufa mbili kwa wiki moja, na Mama Konsolata akaniuliza kama nilitaka pia kuzipikia ugali. Habari za askari hazikusemwa hewani. Tulisema "mvua". Siku moja mama mmoja mkulima aliuliza kama mvua imenyesha kwao, akiwaza maharage yake. Papa Shabani akajibu kwa furaha kwamba imenyesha usiku kucha. Nusu ya watu waliokuwa kwenye foleni waliinuka wakaenda kufunga virago.

Na sheria kubwa: usitaje hewani pesa ni ya kazi gani, kwa maana wasikilizaji ni wengi. Kwa hiyo ujumbe wa pesa ulikuwa daima mfupi: "Chukua, fanya ile kazi tuliyopatana, usichelewe." Kumbukeni maneno hayo. Yalinitembeza mguu kwa mguu hadi Bweyeye, ng'ambo ya msitu.

Sasa nirudi kwa akina Deo. Mtu akipiga kutoka Kindu na kusema "Niitie Deo", nilituma neno sokoni, na wakaja mbio wanaume watano, kila mmoja ameshika kifua, kila mmoja ana mama mgonjwa. Nyumbani kwetu tulikuwa na Ramadhani watatu, kwa hiyo sikuogopa majina kufanana. Ila akina Deo, yaani Deogratias, wa Kamembe walikuwa tisa, na nawahesabu wale tu waliotumia foni.

Wakati huo nilikuwa nimenunua sokoni kamusi kubwa ya Kifaransa yenye picha. Muuzaji alikuwa amekwisha fungia karanga herufi A hadi C, basi elimu yangu ya dunia inaanzia D. Niliisoma ukurasa kwa ukurasa saa ambazo hakukuwa na mteja, nikifika neno gumu naliandika pembeni. Nilipofika L nikakuta wafalme wa Ufaransa walioitwa Louis, na kila mmoja ana namba yake, hadi wa kumi na nane. Nikajiambia: ikiwa wafalme wanaweza kutumia jina moja bila kunyang'anyana taji, wauza samaki wa Kamembe watashindwaje?

Nikaandika. Deo wa Kwanza, mwalimu, kwa sababu alikuwa mteja wa zamani kuliko wote. Deo wa Pili, mpakia mizigo wa mabasi. Wa Tatu, muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu. Wa Nne, kinyozi. Wa Tano, seremala. Wa Sita, mchoma mishikaki. Nikaendelea hivyo hadi wa Tisa, aliyekuwa mlinzi wa ghala na hakuwahi kunisamehe. Orodha nikamsomea Papa Shabani, naye akaiandika kule.

Sikutegemea walivyofurahi. Kinyozi aliandika namba yake juu ya kioo. Kwenye baa mtu hakusema tena "mimi Deo". Alisema "mimi wa Tatu", na asiyekuwa na namba akanunua chupa. Kina mama wa sokoni walipiga goti Deo wa Kwanza alipopita, wakicheka hadi nyanya zikaanguka. Kisha padri akawaambia kwamba zamani sana, huko Kartago, alikuwako askofu Deogratias aliyeuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe mateka. Walikuja kwangu wote tisa, wamejaa mlangoni.

"Maman Foni," mwalimu akasema, uso umempauka, "ule askofu njo wa Kwanza? Sasa mi nakuwa wa Pili?"

"Na miye wa Kumi?" akalia mlinzi. "Mungu wangu, batanishusha tena!"

Nikatoa hukumu: daftari langu ni la Kamembe, Kartago wana lao. Walishangilia kama timu iliyofunga bao.

Niliuona mpango huo imara sana, hata nikaacha kitu ambacho sikupaswa kukiacha. Kabla ya namba, kila mtumaji alitoa swali ambalo mpokeaji halisi tu angeweza kulijibu: mbwa wa babu aliitwaje, nani alianguka kisimani. Baada ya namba nikaona swali halina kazi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Vijana, mtu akikuambia mfumo wake mpya umeondoa haja ya kuuliza, muulize mara mbili.

Kosa la pili lilikuja Jumatatu. Deo wa Pili alikuwa amehamia Kigali kwa kazi mpya. Wenzake hawakungoja hata vumbi la basi litulie.

"Kiti kiko wazi," akasema muuza sambaza. "Tunaomba tupande."

"Mfalme akiondoka," nikamwambia, "wa tatu hawi wa pili. Anabaki wa tatu."

"Hiyo ni kwa Bazungu. Hapa muntu anapanda cheo. Hata askari banapanda."

"Hata bei ya chumvi inapanda," akaongeza kinyozi. "Paka sisi tu tutabakia chini?"

Walileta kreti ya Fanta. Mlinzi wa ghala, ambaye angekuwa wa Nane, alipiga magoti kweli kweli, machozi ya kicheko yakimtoka. Nami, nitasema ukweli, nilitaka. Ile nafasi tupu kati ya wa Kwanza na wa Tatu ilinikera kama jino lililong'oka. Jumanne asubuhi nikafuta na kuandika upya: kila mtu akapanda hatua moja. Seremala, aliyekuwa wa Tano, akawa wa Nne. Mchoma mishikaki, aliyekuwa wa Sita, akawa wa Tano. Nikawasha foni nikamsomea Papa Shabani orodha mpya yote, taratibu, kwa kiganja kimoja mbali na mdomo. Hakujibu. Nikadhani ameridhika.

Miaka mingi baadaye, nilipofika mbali zaidi katika kamusi, nilisoma kwamba hata Roma haijawahi kuwa na Papa Yohana wa Ishirini. Walikosea kuhesabu, wakatoka kumi na tisa wakaruka hadi ishirini na moja, na pengo lile wakaliacha. Kanisa halikuanguka. Laiti ningelisoma hilo kabla ya Fanta.

Basi Alhamisi ile, suti ya kijivu imesimama mbele yangu, nikaita Kindu.

"Kindu, Kindu, hapa Kamembe. Unanipata?"

"Tano juu ya tano, Kamembe. Sema, mwanangu."

"Pesa ya jana, ya Deo wa Tano. Ni ya seremala au ya mishikaki?"

"Ya seremala. Mwenye kutuma aliandikisha Jumatatu. Deo wa Tano, seremala. Kuna nini?"

"Papa Shabani, seremala sasa ni wa Nne. Nilikusomea orodha mpya Jumanne."

Mngurumo wa hewa, kisha akaanza kucheka, na kicheko cha foni hukatikakatika kama kuku anayetaga.

"Jumanne hapa hakukuwa na jua hata chembe. Betri zilikuwa zimelala. Ulikuwa unasomea nani? Miti?"

Kosa la tatu: kimya si jibu. Asiyejibu "nimepata" hajapata.

Seremala alisikia yote. Alikaa juu ya benchi, akashika magoti.

"Maman Foni. Baba mukwe aliahirisha mara mbili ju ya miye. Alisema Jumamosi saa tano, ao binti atasikiliza posa ingine. Kuna muntu wa duka anangojea. Iko na pikipiki."

"Hatutafika huko," nikasema, nisijue kama ninasema kweli. Mama Konsolata alikuwa na kanuni moja kwa waajiriwa wake: pesa ikipotea utailipa hata kwa meno. Mshahara wangu wote wa mwaka haukufika kiasi kile.

Tulikwenda sokoni kwa mchoma mishikaki. Jiko lake lilikuwa baridi. Muuza nyanya wa jirani alitupa habari akiwa amejishika mbavu.

"Huyu wa Tano? Banamupata wapi! Jana alinunua koti, akanunua mbuzi, akabusu kila muntu, hata miye na kikapu yangu. Anaenda kuoa Bweyeye! Kaka yake wa Kindu alituma makuta, pesa kabisa, akamwambia afanye ile kazi balipatana."

Kumbe naye alikuwa na kaka Kindu. Na kaka yule, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akimchokoza juu ya mwanamke mmoja wa Bweyeye, Verediana, ambaye mchoma mishikaki alimpenda na hakuwahi kupata ng'ombe wa kumtolea. "Nikipata nitakutumia, ukamwoe," kaka alimwambia kila mara. Sasa dola mia nne na hamsini zimetua, na ujumbe unasema: fanya ile kazi, usichelewe. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Tuliondoka saa sita kasoro robo, mimi, seremala na suti yake. Hakukubali kuivua. Alisema akiivua bahati itatoka nayo. Basi dogo lilitushusha Pindura, katikati ya msitu wa Nyungwe, na kutoka pale ni kushuka kwa miguu, kilomita baada ya kilomita za tope jekundu. Alivifunga viatu kwa kamba akavivaa shingoni. Tulikutana na wabeba mianzi, wakampisha njia, wakadhani ni ofisa wa wilaya. Mmoja alimwomba daraja. Yeye akamwahidi.

Tulilala kwa katekista mmoja, mimi chumba kimoja na mke wake na watoto, seremala sebuleni na mbuzi. Ijumaa saa nne na nusu tukasikia ngoma na vigelegele, tukajua tumefika.

Hapa lazima nieleze desturi, kwa ajili ya wale wanaosoma mbali na Rwanda. Siku ya kuomba binti, pande mbili hukaa zikitazamana, kila upande una msemaji wake, na msemaji wa binti kazi yake ni kuweka vikwazo vya uongo. Anasema hapa hakuna binti. Anasema binti ameshaolewa. Anasema bwana harusi aliiba maboga yetu mwaka jana. Upande wa mume unajibu kwa ujanja, watu wanacheka, na kadiri vikwazo vinavyokuwa vya ajabu ndivyo sherehe inavyosifiwa. Mahari hukabidhiwa mwisho kabisa. Msemaji wa akina Verediana, mzee mwembamba aitwaye Karoli, alijulikana hadi ng'ambo ya msitu kwa vikwazo vyake. Kwa bahati yetu alikuwa ameanza saa mbili asubuhi na bado alikuwa kwenye maboga. Bahasha ilikuwa juu ya mkeka, katikati, haijaguswa.

Waliongea Kinyarwanda; nawaandikia Kiswahili. Niliingia nikihema, tope hadi magotini, nikasema kwa sauti niliyokuwa nimeitunza miaka yote mbali na mdomo kwa kiganja kimoja:

"Samahani, wazee! Huyu si Deo mwenye pesa hii! Deo mwenyewe ni mwingine!"

Watu wakageuka wakanitazama, mimi na tope langu. Kisha ua mzima ukalipuka kwa makofi.

"Mmesikia?" Karoli akaruka kutoka kitini. "Sikuwaambia? Wametuletea Deo wa bandia!"

"Mzee, sifanyi mchezo. Kuna Deo wa Nne na Deo wa Tano..."

"Wana namba! Deo wao wana namba!" Kina mama walikuwa wanalala mmoja juu ya mwingine. "Haya, tuleteeni huyo wa kweli tumwone!"

Na papo hapo seremala akatokea mlangoni pa ua, suti ya kijivu, viatu shingoni.

Sijawahi kusikia kelele kama ile, na mimi nilifanya kazi ya kelele. Vigelegele vilipanda, ngoma ikaanza yenyewe. Karoli alijifuta macho kwa ncha ya shuka. "Nimesema katika harusi tangu nywele zangu nyeusi," akatangaza, "sijaona upande wa mume unaojipinga wenyewe kwa ufundi namna hii. Mpeni mama huyu kinywaji!" Nikapewa pombe ya ndizi, nikampa seremala, akainywa yote kwa pumzi moja.

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyopiga makofi. Nilitaja Kindu, wakacheka. Nilitaja betri, wakashikana mabega.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mchoma mishikaki, katika koti lake jipya, alikuwa ananitazama usoni. Tulikuwa tumejuana miaka mitatu. Alijua ninavyoonekana ninapotania.

Fikirini nafasi aliyokuwa nayo. Angesema neno moja, "Endeleeni," na kila mtu angeamini ni sehemu ya sherehe. Bahasha ingekabidhiwa, Verediana angekuwa mke wake kabla ya chakula, na mimi ningerudi Kamembe kuhesabu meno. Verediana alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, nusu ya uso inaonekana.

Alikuja hadi kwangu, akaniuliza kwa Kiswahili chetu, polepole:

"Maman Foni, ni kweli?"

"Ni kweli, ndugu yangu. Kosa ni langu, haiko lako."

Akavuta pumzi. Akaenda kwenye mkeka, akaichukua bahasha, akaiweka mikononi mwa seremala. Halafu akageuka kwa wazee, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mahali bahasha ilipokuwa. "Mchezo umekwisha, wazee wangu," akasema. "Nilichonacho ni hiki."

Ngoma ilikatika. Baba yake Verediana, ambaye asubuhi nzima alikuwa hajasema neno kwa kuwa alikuwa na msemaji, aliniita.

"Nani aliwapangia hawa namba?"

"Mimi, baba. Nilisoma katika kitabu cha wafalme wa Ufaransa."

"Ungetuuliza wa hapa. Wafalme wetu pia walirudia majina. Mutara na Cyilima walikuwa wa ng'ombe. Kigeri na Mibambwe walikuwa wa vita. Yuhi alikuwa wa moto. Jina lilikuja na kazi yake, na hakuna aliyepanda wala kushuka. Huyu kazi yake ni nini?"

"Anachoma mishikaki."

"Anaichoma vizuri?"

Seremala, ambaye pombe ilikuwa imemfikia, alijibu kabla yangu: "Mzee, ukiila, unasahau deni."

Mzee akamtazama Karoli, akasema ng'ombe anaweza kuahidiwa. Karoli akakohoa, akajaribu kikwazo cha mwisho: "Ng'ombe aliyeahidiwa hana maziwa."

"Wala hali majani yetu," ikasema sauti nyuma ya pazia. Verediana akatoka nje kabisa, kinyume cha utaratibu wote, mikono kiunoni. "Nimengoja miaka kumi na mmoja. Naolewa na Deo, siolewi na ng'ombe. Karoli, kaa chini, umechoka."

Wakakubaliana ng'ombe mmoja wa ahadi, mimi nikiwa shahidi. Vigelegele vilirudi kwa nguvu zaidi, na nilipotazama nilimwona mchoma mishikaki amekaa juu ya koti lake mwenyewe, anacheka na kulia, hajui aanze na lipi.

Tulihesabu pesa mbele ya wote. Katika bahasha, dola mia nne. Mfukoni mwake, dola kumi na tisa. Koti, mbuzi, pombe na nauli vilikuwa vimekula dola thelathini na moja.

Tulipanda mlima Ijumaa alasiri, tukalala kwa katekista yule yule, tukapata gari la mbao alfajiri. Saa tano kasoro dakika nane, Jumamosi, tulishuka Kamembe. Nilikimbia nyumbani, nikavunja kopo la akiba yangu ya cherehani, nikatoa dola thelathini na moja. Saa tano na dakika mbili seremala alisimama mbele ya baba mkwe wake, suti imegeuka rangi ya tofali.

"Unatoka shambani?" mzee akamuuliza.

"Natoka kutafuta mahari, Papa."

Mzee akahesabu mara mbili, akamwambia avue viatu shingoni, aingie ndani ale. Mwenye pikipiki alionekana akipita mara moja tu.

Mama Konsolata aliniita Jumatatu. "Nasikia pesa ilipotea."

"Thelathini na moja, Mama. Yangu mwenyewe."

"Yako? Basi haiko kesi," akasema, akarudi kwenye mapipa yake.

Wiki ile ile nilifuta namba zote. Daftari jipya lilikuwa na Deo wa Mbao, Deo wa Sambaza, Deo wa Wembe, Deo wa Chaki, Deo wa Ghala, na mlinzi alinikumbatia kwa sababu sasa hakuwa wa mwisho. Swali la siri likarudi, na tangu siku hiyo hadi foni ilipokufa kwa simu za mkononi sikulipa mtu yeyote bila kumuuliza la mbwa wa babu. Hata ninyi, jina likitokea kwenye kioo cha simu, lisomeni kwa sauti, kisha muulizeni mteja kitu ambacho simu haikijui.

Deo wa Mishikaki alikataa shukrani zangu na akakataa kusamehewa deni. Alinilipa kwa mishikaki, mmoja kila siku ya kazi, akiandika katika daftari lake mwenyewe, na mimi nikanenepa kwa awamu. Alipofika dola kumi na saba Verediana alijifungua binti. Walimpeleka kanisani, padri akauliza jina, wakasema Mwajuma. Padri akauliza tena, akidhani hajasikia. Wakasema Mwajuma.

Siku hiyo nililichukua daftari lake la mishikaki nikapiga mstari chini ya deni. Kilichookolewa: dola mia nne na kumi na tisa. Hasara yangu, baada ya hesabu zote: dola kumi na nne.